Uhusianifu maalumu: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Majibu haya kuhusu uhusianifu maalumu, nadharia ya Albert Einstein ya mwendo, muda na umbali, yanamhitaji msomaji anayekumbuka kanuni ya Pythagoras na kipeuo cha pili, basi. Kalkuleta ya simu inatosha. Kwa kasi ya nuru tunatumia herufi c, na kila penye hesabu tumeweka tarakimu ili uweze kuzirudia mwenyewe.

Nadharia hii inasema nini hasa?

Inasimama juu ya kanuni mbili. Ya kwanza: sheria za fizikia ni zilezile kwa kila anayekwenda kwa kasi isiyobadilika kwenye mstari ulionyooka. Ya pili: nuru kwenye ombwe, yaani mahali pasipo na hewa wala kitu chochote, huenda kwa kasi ileile kwa watu wote hao, hata kama taa iliyoitoa inakimbia. Kasi hiyo ni mita 299,792,458 kwa sekunde kamili. Haina desimali kwa sababu tangu 1983 mita yenyewe hufafanuliwa kutokana na nuru: ni umbali unaokatwa na nuru kwa sehemu moja ya 299,792,458 ya sekunde.

Mengine yote, saa zinazokwenda polepole, urefu unaopungua, E = mc², hutokana na kanuni hizo mbili kwa hesabu.

Kwa hiyo kila kitu kinategemea anayetazama?

Hapana, na jina la nadharia limewapotosha wengi. Muda kati ya matukio mawili hutegemea anayepima, na umbali kati yake vilevile. Lakini c haitegemei, sheria za fizikia hazitegemei, na kipo kipimo kinachochanganya muda na umbali ambacho watu wote hukubaliana nacho: chukua (c × muda) kipeo cha pili, toa umbali kipeo cha pili. Watazamaji wawili wanaopita kwa kasi tofauti watapata muda tofauti na umbali tofauti, lakini wakifanya utoaji huo watapata jibu moja. Mwanahisabati Hermann Minkowski ndiye aliyeliweka jambo hili wazi mwaka 1908, na tangu hapo wanafizikia huzungumzia wakati na nafasi kama kitu kimoja.

Kwa nini inaitwa "maalumu"?

Kwa sababu haishughulikii mvutano, yaani nguvu inayovuta vitu kuelekea ardhini. Huo ulikuja na uhusianifu wa jumla mwaka 1915. Wapo wanaodhani nadharia maalumu haiwezi kushughulikia chombo kinachoongeza kasi. Inaweza, na mitambo ya kuchapusha chembe husanifiwa kwa hesabu zake kila siku. Isichokiweza ni mvutano tu.

Ilianzia wapi?

Ilianzia kwenye umeme. Sogeza sumaku kuelekea koili iliyotulia, umeme utapita. Tuliza sumaku usogeze koili, umeme uleule utapita, kwa kiasi kilekile. Fizikia ya karne ya 19 ilitoa sababu mbili tofauti kwa matokeo hayo mamoja. Albert Einstein, akiwa na miaka 26 na mwajiriwa wa ofisi ya hataza mjini Bern, aliona hilo halikubaliki: kinachohesabika ni mwendo wa kimoja kuhusiana na kingine. Makala yake ilipokewa na jarida la Annalen der Physik tarehe 30 Juni 1905.

Vitabu vingi vya shule huanza na jaribio la Michelson na Morley la 1887, lililofanyika Cleveland, ambalo lilitafuta tofauti ya kasi ya nuru kutokana na mwendo wa dunia na halikuipata. Jaribio hilo ni muhimu, lakini makala ya 1905 hailitaji kwa jina. Inaanza na sumaku na waya.

Taa ya gari linalokimbia: kwa nini kasi ya gari haijumlishwi na ya nuru?

Kwa sababu kujumlisha kwa kawaida ni makadirio tu. Kanuni kamili ya kasi mbili u na v zinazoelekea upande mmoja ni (u + v) ÷ (1 + uv/c²). Mabasi mawili yakikutana, kila moja likienda kilomita 100 kwa saa, abiria wa moja huona jingine likimjia kwa kilomita 200 kwa saa. Kasoro iliyopo iko kwenye tarakimu ya kumi na tano, hakuna chombo cha barabarani kitakachoiona. Sasa weka 0.6c na 0.6c: 1.2 ÷ 1.36 ni 0.882c, si 1.2c. Na ukiweka c mahali pa u, jibu ni c, vyovyote v itakavyokuwa. Jaribu.

Hili limepimwa. Mwaka 1964 huko CERN, maabara ya fizikia ya chembe karibu na Geneva, walichukua chembe ziitwazo pioni zilizokuwa zikienda kwa 0.99975c na zikivunjika na kutoa miali ya gama, aina ya nuru yenye nishati kubwa. Kama kasi zingejumlishwa, miali iliyotoka mbele ingekaribia 2c. Ilikuwa na kasi ya c.

Ni sehemu ipi iliyo ngumu zaidi kuelewa?

Neno "wakati mmoja". Tunalisisitiza kwa sababu karibu kila fumbo la uhusianifu linalomshinda mtu limejificha ndani ya neno hilo.

Fikiria behewa la treni lenye taa katikati. Taa inawashwa. Aliyekaa ndani anaona jambo jepesi: umbali wa kwenda ukuta wa mbele na wa nyuma ni sawa, kasi ya nuru ni moja, basi nuru inagonga kuta zote mbili wakati mmoja. Aliyesimama stesheni anaona hivi: nuru ilipotoka, ukuta wa nyuma ulikuwa ukija kuipokea, na wa mbele ukiikimbia. Kwake pia kasi ya nuru ni c pande zote mbili. Basi ukuta wa nyuma unagongwa kwanza.

Nani kakosea? Hakuna. "Wakati mmoja" wa ndani ya treni si "wakati mmoja" wa stesheni. Tofauti inakokotolewa kwa vL/c², L ikiwa urefu wa behewa, na jibu likizidishwa kwa gama, tutakayoieleza chini kidogo. Treni ya SGR ikienda kilomita 160 kwa saa, yaani mita 44.4 kwa sekunde, na behewa likiwa la mita 25, tofauti ni kama sekunde 0.000000000000012. Ndiyo maana babu zetu hawakuihitaji. Lakini kwa 0.6c tofauti haipuuziki tena.

Tahadhari: hili halihusiani na nuru kuchelewa kufika machoni. Watazamaji wote wawili wamekwisha kuondoa muda wa nuru kusafiri kuwafikia, na bado wanatofautiana.

Kwa nini saa inayokwenda hupiga polepole?

Tengeneza saa ya vioo viwili vinavyotazamana, kimoja chini, kingine juu, umbali wa mita 1.5. Nuru inaruka kati yake. Tukichukua c kuwa mita 0.3 kwa nanosekunde (sehemu moja ya bilioni ya sekunde), safari ya kupanda ni nanosekunde 5, na kwenda na kurudi ni 10. Huo ni mpigo mmoja.

Sasa saa hiyo ipite mbele yako kwa 0.6c, ikienda ubavu. Kwako nuru haipandi wima, inakwenda mshazari kwa sababu kioo cha juu kinasogea. Njia ndefu zaidi, kasi ileile, basi muda mrefu zaidi. Kwa nanosekunde 6.25 saa inasogea mita 1.125, na mshazari wa nuru ni mita 1.875. Pima pembetatu: 1.125, 1.5, 1.875. Ni 3, 4, 5 ya Pythagoras, imekamilika. Kupanda kumechukua nanosekunde 6.25 badala ya 5, mpigo mzima 12.5 badala ya 10.

Usidhani ni vioo tu vinavyochelewa. Kama saa ya mkononi, moyo au mbegu inayoota ndani ya chombo hicho visingechelewa pamoja na vioo, abiria angelinganisha na kugundua kwamba yeye ndiye anayekwenda, na kanuni ya kwanza ingevunjika.

Gama ni nini, na huitumiaje bila kukosea?

Gama ni uwiano tuliouona: 12.5 ÷ 10 = 1.25. Kwa jumla, γ = 1 ÷ √(1 − v²/c²). Thamani zinazofaa kukumbukwa:

0.1c: 1.005
0.5c: 1.155
0.6c: 1.25
0.8c: 1.667
0.9c: 2.294
0.99c: 7.09
0.999c: 22.4

Wanafunzi wengi hupoteza alama si kwa kutojua kanuni bali kwa kuzidisha mahali pa kugawanya. Dawa ni swali moja kabla ya kushika kalkuleta: ni saa ipi iliyokuwepo kwenye matukio yote mawili, mwanzo na mwisho? Hiyo ndiyo inayopima muda mfupi kuliko zote. Mwingine yeyote atapata muda huo ukizidishwa kwa gama. Kwa urefu, uliza: kitu kimetulia kwa nani? Huyo anapima urefu mkubwa kuliko wote. Wengine wanagawanya kwa gama. Kosa la pili ni kuweka v kwa kilomita kwa saa huku c iko kwa mita kwa sekunde. Andika v kama sehemu ya c tangu mstari wa kwanza na kosa hilo litakuacha.

Kuna ushahidi, au ni hesabu tu?

Ushahidi unapita mwilini mwako sasa hivi. Miale kutoka anga za mbali hugonga hewa ya juu, kiasi cha kilomita 15 kutoka ardhini, na kuzalisha chembe ziitwazo muoni. Wastani wa uhai wa muoni iliyotulia ni maikrosekunde 2.2, yaani sehemu 2.2 za milioni za sekunde. Kwa 0.998c, muda huo unatosha mita 660 tu. Kama saa zao zingekwenda sawa na zetu, katika muoni bilioni 8 ingefika ardhini moja. Lakini gama ya 0.998c ni 15.8, hivyo kwetu zinaishi karibu maikrosekunde 35 na kukata kilomita 10 na ushei. Ukiacha nishati zinayopoteza njiani, karibu robo yake hufika. Vipimo vinakubaliana na uhusianifu.

Muoni yenyewe inasemaje? Inasema saa yake ni nzima, imeishi maikrosekunde 2.2 kama kawaida, ila hewa iliyopita mbele yake haikuwa na unene wa kilomita 15 bali mita 950. Maelezo mawili, hesabu moja ya zilizofika.

Oktoba 1971, Joseph Hafele na Richard Keating walisafirisha saa nne za atomu kwa ndege za abiria kuzunguka dunia, mara moja kuelekea mashariki na mara moja magharibi. Za mashariki zilirudi zikiwa nyuma nanosekunde 59, za magharibi mbele nanosekunde 273. Nadharia ilikuwa imetabiri 40 nyuma, ikiweza kupungua au kuzidi kwa 23, na 275 mbele, ikiweza kupungua au kuzidi kwa 21. Pande mbili zinatofautiana kwa sababu dunia nayo inazunguka kuelekea mashariki. Na sehemu ya athari hutokana na urefu kutoka ardhini, jambo la uhusianifu wa jumla.

Je, simu yangu inautumia uhusianifu?

Kila unapofungua ramani. Satelaiti za GPS zinazunguka kilomita 20,200 juu, kwa kasi ya karibu kilomita 3.9 kwa sekunde. Kasi hiyo inachelewesha saa zao maikrosekunde 7 kwa siku. Mvutano hafifu wa huko juu unaziharakisha maikrosekunde 45. Baki ni 38 mbele. Kwa hiyo saa hutegwa kabla ya kurushwa: badala ya kupiga kwa megahezi 10.23 (mara milioni 10.23 kwa sekunde) huwekwa 10.22999999543, ili zikifika juu zionekane sawa kutoka ardhini.

Husemwa sana kwamba bila marekebisho hayo ramani ingekosea kilomita 11 kila siku. Tarakimu yenyewe ni sahihi kama umbali unaokatwa na nuru kwa maikrosekunde 38, lakini simu hukokotoa kosa la saa yake pamoja na mahali ilipo, hivyo kosa linalofanana kwa satelaiti zote lingemezwa kwa kiasi kikubwa. Sababu ya kweli ya kulirekebisha ni kwamba mfumo mzima unategemea saa zinazokubaliana.

Urefu hupungua kweli, au ni macho tu?

Hupungua katika kipimo, na upande wa mwendo tu. Upana na kimo havibadiliki. Kupima urefu wa kitu kinachokwenda ni kuweka alama ya ncha mbili wakati mmoja, na tumekwisha kuona kwamba "wakati mmoja" hautakuwa sawa kwa wote. Hakuna kinachobanwa, na abiria hasikii chochote.

Kuona kwa jicho au kamera ni jambo jingine. Nuru ya sehemu za mbali za kitu huchukua muda zaidi kufika, na picha itakayotoka huonyesha kitu kama kilichozungushwa. James Terrell na Roger Penrose walilieleza hilo mwaka 1959, zaidi ya nusu karne baada ya nadharia kuandikwa.

Pacha mmoja akisafiri, kwa nini wote wawili wasidai mwenzake ndiye mdogo?

Kulwa abaki nyumbani. Doto aende kwenye nyota iliyo umbali wa miaka minne ya nuru kwa 0.8c, ageuze, arudi. Kwa Kulwa safari ni miaka 10. Gama ni 1.667, basi Doto ameishi miaka 6.

Pingamizi la kawaida ni kwamba kwa Doto, Kulwa ndiye aliyekwenda na kurudi. Mpe kila mmoja redio, atume salamu moja kila mwaka wa saa yake, kisha tuhesabu. Wakiachana kwa 0.8c, salamu moja hupokewa kila miaka mitatu. Wakikaribiana, salamu tatu kila mwaka. Doto anageuka baada ya miaka yake 3, hivyo anapokea salamu 1 akienda na 9 akirudi: jumla 10. Kulwa hajui kwamba mwenzake amegeuka mpaka habari imfikie, mwaka wa 9. Anapokea 3 kwa miaka hiyo tisa, na 3 nyingine mwaka wa mwisho: jumla 6. Kila mmoja amehesabu salamu za mwenzake kwa masikio yake, na hakuna ubishi. Aliyegeuka ni mmoja tu, na kugeuka kwake kunabadilisha kile anachopokea papo hapo, wakati wa nyumbani anasubiri.

Kwa nini hakuna kinachoweza kufika c?

Kwa sababu nishati inayohitajika haina kikomo. Kufikisha kilo moja kwenye 0.9c kunahitaji juli 1.2 × 10¹⁷, 0.99c, 5.5 × 10¹⁷, 0.999c, 1.9 × 10¹⁸. Kila tisa unayoiongeza hula zaidi ya mara tatu ya iliyotangulia, na tisa haziishi. Mtambo wa LHC wa CERN uliosanifiwa kufikisha protoni kwenye TeV 7 (TeV ni kipimo cha nishati ya chembe) huzipa kasi ya 0.999999991c. Nishati ikiongezwa maradufu, kasi haisogei kwa kiasi cha kuonekana.

Mwaka 2011 kundi la watafiti la OPERA lilitangaza kwamba neutrino, chembe nyepesi mno, zilizotoka CERN kwenda Gran Sasso, Italia, umbali wa kilomita 730, zilifika nanosekunde 60 mapema kuliko nuru. Mwaka uliofuata chanzo kilipatikana: waya wa nuru ambao haukukazwa vizuri kwenye kiunganishi chake. Walifanya vema kuweka matokeo yao hadharani ili yakaguliwe.

Masi huongezeka na kasi? Na E = mc² maana yake nini?

Vitabu vya zamani vilisema masi huongezeka. Wanafizikia wa leo wameacha lugha hiyo, nasi tunashauri uiache: masi ni ileile, kinachokua kwa gama ni nishati na momenta (kipimo cha msukumo wa kitu kinachokwenda). Kanuni kamili ni E² = (pc)² + (mc²)², p ikiwa momenta. Kitu kikitulia p ni sifuri, unabaki na E = mc². Nuru haina masi, hivyo kwake E = pc.

Maana yake ni kwamba nishati iliyomo ndani ya kitu kilichotulia ndiyo masi yake. Chemsha lita moja ya maji kutoka nyuzi 20 hadi 100 kwenye sufuria iliyofunikwa: umeingiza juli 335,000, na maji yameongezeka nanogramu 3.7. Hakuna mizani ya dukani itakayoiona, lakini ipo. Upande wa pili, gramu moja ikigeuka yote kuwa nishati ni juli 9 × 10¹³, sawa na bwawa la Julius Nyerere la Rufiji likizalisha megawati zake zote 2,115 kwa karibu saa 12. Jua hupoteza zaidi ya tani milioni 4 kila sekunde kwa njia hii.

Boriti ya mita 10 inaenea vipi kwenye banda la mita 8?

Hili ndilo fumbo linalotumwa kwetu zaidi. Boriti inaruka kwa 0.6c, inapita banda lenye mlango wa kuingilia na wa kutokea. Kwa mlinzi wa banda boriti ni 10 ÷ 1.25 = mita 8. Inaenea barabara, na kwa kitambo anafunga milango yote miwili wakati mmoja, kisha anafungua. Lakini kwa sisimizi aliyepanda boriti, boriti ni mita 10 na banda ndilo lililofupika: 8 ÷ 1.25 = mita 6.4. Atafungiwaje?

Tafuta "wakati mmoja". Milango ilifungwa pamoja kwa mlinzi, si kwa sisimizi. Kwa sisimizi tofauti ni γvL/c², yaani muda wa nuru kukata 1.25 × 0.6 × 8 = mita 6, ambao ni nanosekunde 20. Mlango wa kutokea unafungwa na kufunguliwa kwanza, ncha ya mbele ikiwa ndio kwanza inaufikia, na mkia ukiwa bado nje mita 3.6. Nanosekunde 20 baadaye ndipo wa kuingilia unafungwa. Ndani ya muda huo banda limesogea 0.6 × 6 = mita 3.6, na mkia umeingia. Jumlisha 6.4 na 3.6.